Mwenye Nyumba Atatengeneza

Mwezi uliopita nilipita mahali fulani nje kidogo ya mji wa Karatu ambako wanajenga kambi mpya ya watalii. Ni vibanda vya mviringo, ndani vina vitanda vya kisasa na bafu la maji moto, na nje kuta zake zinakandikwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo na majivu, ili mgeni akipiga picha aonekane kweli amelala Afrika. Akina mama watatu walikuwa wanakandika kwa viganja huku wakizungumza Kimasai. Mpwa wangu niliyefuatana naye akaziba pua, akaniambia tusogee upande wa pili. Sikusogea. Nilisimama pale navuta ile harufu mbichi, yenye ubaridi na ukali kidogo wa majivu, mpaka wale akina mama wakaanza kunitazama, wakidhani labda ni mkaguzi.

Nyinyi wa rika langu, mliokua wakati wa foleni za sabuni na sukari, mkisikia harufu hiyo pengine mnakumbuka nyumba za bibi zenu na mnatabasamu. Mimi huona aibu, aibu ya kuchoma masikio, na nimezeeka nayo bila kumweleza mtu sababu. Leo naieleza, kwa kuwa wote niliokuwa nawaogopa wameshakufa.

Baba yangu alizaliwa Ganako, kwenye nyumba ya udongo ambamo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Ama, kama tunavyomwita bibi kwa Kiiraqw, aliikandika nyumba ile kwa mikono yake mwenyewe kila baada ya mavuno, na samadi ilikuwa nusu ya kazi. Baba alisoma hadi darasa la nane, akaajiriwa kuuza katika duka la ushirika kule Nainokanoka, juu kwenye baridi ya Ngorongoro, akatuchukua mimi na mama. Huko ndiko nilikojifunzia Kimasai, kwa kucheza tu na watoto wa jirani. Yeye alijifunza maneno ya chumvi, sukari, majani ya chai na kiberiti, akaridhika. Nilipofika miaka minane akahamishiwa Karatu kuwa karani wa ghala la mazao, na hapo akajenga nyumba yake.

Ilikuwa nyumba ya bati, yenye kuta zilizopakwa chokaa nyeupe ndani na nje, na watu waliopita barabarani waligeuza shingo. Saruji haikupatikana ila kwa kibali, na kibali hakikupatikana ila kwa kujuana, kwa hiyo chini ya chokaa ile kulikuwa na tofali mbichi za udongo, udongo uleule wa Ganako. Baba hakupenda jambo hilo litajwe mbele ya wageni. Chumba cha pembeni, chenye mlango wake wa nje, alikipangisha, na wapangaji wakamwita mwenye nyumba. Nilimwona akisimama wima zaidi alipoitwa hivyo.

Mimi jina hilo lilinichekesha. Kule Nainokanoka nilikuwa sijamsikia mwanamume akiitwa mwenye nyumba. Kule mwanamke ndiye anayejenga: anakata fito, anazipinda, anakandika, na paa likianza kuvuja ndiye anayepanda juu kuziba. Nyumba ni yake. Mzee mwenye wake watatu hana nyumba hata moja; ana nyumba ya fulani na nyumba ya fulani, na humo anaingia kama mgeni wa heshima. Nikiwa mtoto nilidhani ndivyo dunia nzima ilivyo, na kwamba baba yangu, kwa kujenga nyumba mwenyewe, alikuwa amemsaidia mama kazi yake.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, masika yalipokaribia, mzee mmoja wa Kimasai alikuja nyumbani akiwa na mke wake na binti yao mdogo mgongoni. Mzee alijua Kiswahili kizuri cha mnadani. Alieleza kwamba binti, Naserian, aliyekuwa na miaka kama mitano, alikuwa ameangukia jikoni na mguu ukaungua kuanzia juu ya goti mpaka kifundoni. Hospitali ilikuwa imekubali kumtibu bila kumlaza, lakini kidonda lazima kifungwe upya kila baada ya siku mbili, na kutoka Nainokanoka huwezi kushuka kila baada ya siku mbili, hata ukiwa na miguu ya chuma. Walitaka chumba. Alilipa kodi ya miezi miwili mbele, akapeana mkono na baba, akarudi kwenye ng'ombe wake, akaahidi kushuka siku ya mnada wa mwezi uliofuata.

Mkewe tulimwita Mama Naserian. Mimi nilimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yake, naye aliniita entito, msichana. Kiswahili chake kilikuwa maji, chumvi na habari. Kwa hiyo kila neno kati yake na nyumba yetu lilipita mdomoni mwangu. Baba aliona fahari isiyo na kifani. Wageni wakija aliniita sebuleni, akaniweka mbele yao na kusema, "Huyu ndiye mkalimani wangu," nami nilivimba kichwa. Siku ya kidonda ilipoangukia Jumamosi nilimsindikiza Mama Naserian hospitalini, nikasimama katikati yake na muuguzi nikigeuza maneno huku na huku. Muuguzi alirudia jambo moja kila mara: bandeji isilowe, na mguu unyooshwe, usikae umekunjwa. Nililisema kwa Kimasai kwa sauti ya kikubwa, kana kwamba nililitunga mimi.

Kisha mvua ikaanza, ile mvua ya Karatu inayoshuka na ukungu kutoka msituni na kupiga kwa ubavu. Ukuta wa chumba cha pembeni ndio ulioikabili. Chokaa ikabanduka, tofali zikaanza kulainika chini, ufa ukafunguka mpana kiasi cha kuingiza kidole, na maji yakawa yanatembea sakafuni hadi kwenye ngozi aliyolalia Naserian. Mama Naserian akanituma kwa baba. "Mwambie baba yako maji yanaingia. Mtoto analala kwenye unyevu."

Baba akasema, "Mwambie saruji ikija nitatengeneza."

Nikapeleka jibu. Wiki ikapita. Akanituma tena, na baba akajibu yaleyale, safari hii bila kuinua macho kwenye gazeti. Mara ya tatu alikuwa anajiandaa kwenda kazini, mvua imemkera, viatu vimejaa tope. "Kwani huyu mama haelewi?" akasema. "Mwambie mwenye nyumba atatengeneza. Basi, asinisumbue."

Nikaenda mbio. Nilimkuta amemketisha Naserian juu ya debe lililopinduliwa, mguu umenyooshwa kwenye kigoda, ili usiguse sakafu. Nikamwambia neno kwa neno, kama mkalimani mzuri: amesema mwenye nyumba atatengeneza.

"Mwenye nyumba?"

"Ndiyo. Mwenye nyumba."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. "Sasa si angesema tangu mwanzo," akasema. "Mimi nilikuwa naogopa kugusa kitu cha watu."

Nimelipima tukio hilo mara nyingi. Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua kwamba Karatu mwenye nyumba ni baba, na nilijua kwamba Nainokanoka mwenye nyumba ni yeye. Je, nilijua wakati ule kwamba amenielewa vibaya? Siku nyingine najiambia sikujua, kwamba maana zile mbili zilikaa kichwani mwangu bila kugongana, kila moja na lugha yake. Siku nyingine nakumbuka kwamba niliposikia kicheko chake nilihisi kuna kosa mahali, nikalipuuza. Vyovyote vile, kosa hilo la kwanza najisamehe. Mtoto alikuwa analala kwenye maji, mama yake amecheka, nami nimekabidhiwa debe la kuokotea samadi. Nilifurahi mno.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mama yangu alikuwa Ganako akimsaidia Ama palizi, hivyo hakuwepo mtu mzima wa kutuuliza. Nilizoa samadi njia nzima waliyopita ng'ombe wa majirani, madebe matatu, na jinsi ya kuichagua nilikuwa nimefundishwa na Ama mwenyewe: isiwe kavu, isiwe ya ndama. Mama Naserian akaichanganya na udongo na majivu, akamimina maji kidogo kidogo, akapima ulaini wake kwa vidole. Alianza na ufa. Aliushindilia mpaka ukajaa, kisha akakandika ukuta wote wa ndani, kisha akatoka nje na kukandika upande wa barabara, kwa kuwa huko ndiko maji yalikoanzia. Viganja vyake viliacha alama za nusu mwezi zilizopangana vizuri. Naserian alikaa mlangoni akituimbia. Nami niliona ukuta umependeza kuliko zamani, na hilo ndilo linaloonyesha nilivyokuwa mtoto bado.

Baba alirudi jioni na kuwakuta wanaume wawili wamesimama barabarani wakiitazama nyumba yake. Mmoja alikuwa anacheka hadi ameshika mbavu. "Karani," akasema, "umehamia boma siku hizi?" Baba alimpita. Aliingia uani na kuniita, na sauti yake ilikuwa ya chini. Huyu hakuwa baba wa kupiga. Afadhali angekuwa wa kupiga. Ningekuwa na kisingizio cha kuwaeleza leo.

"Mkalimani, njoo. Muulize nani amemruhusu kuipaka nyumba yangu mavi."

Niliyageuza maneno yake kwa upole, nikasema anauliza nani alikuruhusu. Mama Naserian alikuwa anajipangusa mikono. Alishangaa kidogo, lakini alijibu kwa utulivu, akimtazama baba usoni. Alisema maneno matatu. Alisema, "Mwambie yeye mwenyewe alisema mwenye nyumba atengeneze." Alisema, "Mwenye nyumba si mimi ninayelala humu?" Na alisema, "Mtoto wako ndiye aliyeniletea jibu."

Baba akanigeukia. Nikauona uso wake, nikaona ule mkono uliokuwa ukiniweka mbele ya wageni, nikafikiri kwamba kuanzia jioni hiyo hataniita mkalimani tena. Nikatafsiri neno la katikati tu.

"Anasema mwenye nyumba ni yeye."

"Anasema nini?"

"Anasema nyumba ni yake."

Hakuna aliyeweza kunikamata kwa uongo, maana alikuwa amesema hivyo kweli. Lakini nilimwona baba akirudi nyuma hatua moja. Siku zile kulikuwa na maneno mengi mjini kuhusu watu waliopokonywa nyumba walizopangisha, na mtu aliyetoka kwenye udongo wa Ganako akajenga nyumba ya bati aliyasikiliza maneno hayo kuliko wengine. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, na asubuhi, kabla ya misa, akaenda kumwita balozi wa nyumba kumi.

Balozi wetu alikuwa mzee mfupi, fundi wa baiskeli, mwenye mafuta ya mnyororo kwenye mistari ya viganja vyake. Alikuja alasiri, akaukagua ukuta, akabonyeza kwa kidole gumba mahali palipokuwa na ufa, akanusa kidole chake na kutikisa kichwa kwa kuridhika, jambo lililomuudhi baba. Kisha akaagiza viti viletwe uani. Mama Naserian akaketi chini, mtoto mapajani. Balozi akauliza kama yupo mtu mzima anayejua Kimasai. "Mtoto wangu anatosha," baba akasema, na hata katika hasira yake niliisikia ile fahari.

"Karani," balozi akaanza, "wewe ulitaka atoke lini?"

"Leo. Mtu akishasema nyumba yako ni yake, unalala naye vipi?"

"Amekaa muda gani?"

"Mwezi mmoja."

"Amelipa wa muda gani?"

"Miwili."

"Maji yalikuwa yanaingia. Uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Mara ngapi?"

Baba akanitazama. "Mara tatu," nikasema, kwani siku hiyo nilikuwa mkweli sana kila mahali ambapo ukweli haukunigusa.

Balozi akanigeukia. "Muulize huyu mama ilikuwaje akaanza kukandika bila ruhusa."

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, na nilipewa na mtu mzima, mchana kweupe, kwa sauti ya upole. Nilimuuliza. Mama Naserian akaninyooshea kidevu. "Wewe unajua, entito. Waeleze." Hakukasirika. Alidhani nilikuwa nimeshawaeleza ila wanataka kusikia mara ya pili, kama wafanyavyo wazee.

Nikawaambia, "Anasema aliona mtoto wake analala kwenye maji, na muuguzi amekataza bandeji isilowe, akaogopa mguu usije ukaoza, ndiyo maana akaziba. Anaomba radhi."

Maneno yote hayo niliyatunga mimi. Nilitaka kumsaidia, naapa, mradi msaada usinigharimu. Na kweli yalimsaidia. Balozi akasugua viganja vyake, kisha akasema maneno ambayo nimekuja kuyarudia kwa wapangaji wangu mwenyewe baada ya miaka mingi.

"Karani, ukuta ni wako, na ukiharibika kuutengeneza ni juu yako, na uliambiwa mara tatu. Hilo ni kosa lako. Huyu mama hakutakiwa kugusa nyumba ya mtu bila idhini, na hilo ni kosa lake, ila amelikosea kwa ajili ya mtoto, na ukuta haukuharibika, umepona. Chumba ukishakipangisha, anayelala ndani humtoi kama unavyofukuza kuku. Mwezi uliobaki ni wake, ameshaulipia. Akae, mguu upone, mwezi ukiisha ahame kwa amani kama bado hamtakani. Na wewe usimguse, wala usimwambie neno baya."

Baba akang'ang'ana kidogo, akatazama ukuta, akamtazama Naserian aliyekuwa amelala. Halafu mabega yake yakashuka. "Haya," akasema. "Mwezi ni wake. Mimi sina roho mbaya." Akanitazama. "Mwambie."

Kila mtu akanitazama. Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kusema. Lakini hapo nikaukumbuka mnada. Ulikuwa wiki iliyofuata. Mume wake angeshuka na kile Kiswahili chake kizuri, angeketi kwenye viti hivihivi na baba, wangezungumza wenyewe bila mimi, na chai isingekuwa imepoa kabla hawajafika kwenye swali la nani alileta jibu. Mama Naserian akiwepo hapa siku hiyo, nimekwisha. Asipokuwepo, hakuna atakayejua kamwe. Niliyafikiria yote hayo kwa muda wa kumeza mate, na sidhani kama tangu hapo nimewahi kufikiri upesi namna ile.

"Wanasema nini?" akauliza.

"Wanasema uhame," nikamwambia.

Akanitazama kwa muda. Akamtazama balozi, aliyekuwa anamtabasamia. Akamtazama baba, ambaye naye alikuwa amejilazimisha kutabasamu. Sijui aliwafikiria ni watu wa namna gani, wanaomfukuza mtu mwenye mgonjwa huku wakimwonyesha meno.

"Ameelewa?" balozi akauliza.

"Ameelewa."

Mama Naserian akanyanyuka, akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia akampa mkono balozi, kisha baba. "Ashe," akawaambia, asante. Balozi alipokuwa anaondoka alimwambia baba kwamba huyu mama ni muungwana, na baba akakubali.

Asubuhi nilipotoka kwenda shule, mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa wazi na ndani hamna kitu. Alikuwa amefagia. Debe letu lilikuwa limeoshwa na kupinduliwa kando ya ukuta, na ufunguo umetundikwa kwenye msumari. Jioni baba alisimama katikati ya chumba kile, ufunguo mkononi, akiwa ameshangaa kabisa. "Nilimpa mwezi mzima," akasema. "Mwezi mzima, mbele ya balozi." Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amejishinda, akawa mwema kwa shida, na wema wake ukaachwa sakafuni kama kitu kisicho na maana. Mama, aliyekuwa amerudi kutoka Ganako, aliniuliza, "Wewe ulimwambia nini yule mama?" Nikasema nilimwambia walichosema. Akaniangalia, akarudi jikoni.

Mnada ulikuja, ukapita. Nilijidai naumwa siku hiyo, nikajifunika blanketi mpaka jioni. Mume wake hakutokea.

Siku chache baadaye muuguzi alinikuta barabarani natoka shule. "Yule mtoto wa mguu yuko wapi? Mbona hawaji?"

"Wamerudi kwao."

"Kwa nini? Ngozi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kufunga. Goti lile lisiponyooshwa, ngozi itavuta, atakua amekunja mguu. Wenye nyumba wamewafukuza?"

"Sijui," nikasema.

Masika yale yaliendelea wiki nyingi, na ukuta wa pembeni haukuingiza hata tone. Baba aliupaka chokaa juu yake, ikashika vizuri kuliko kwingine. Saruji ilipopatikana hatimaye aliitumia mahali pengine. Kwa miaka mingi, wageni walipozungumzia wapangaji na usumbufu wao, yeye alisimulia kisa cha mama wa Kimasai aliyedai nyumba ni yake, akapewa mwezi mzima bure kabisa na asiutake. "Wenzetu hawa hawawezi kukaa mahali," alimalizia, na wageni walikubali kwa vichwa, nami nilikuwa namimina chai. Alizikwa akiamini hivyo. Baba yangu alikuwa na makosa yake, lakini hilo la kumdharau mama aliyemtendea wema nililiweka mimi kinywani mwake.

Sasa nami nina vyumba vitatu vya kupangisha. Wapangaji wangu wananicheka, maana siridhiki kumpa mtu mkataba autie sahihi. Namsomea kila kipengele, nani anatengeneza paa, nani anatengeneza kitasa, notisi ni ya muda gani, kisha namwomba anieleze yeye ameelewa nini, kwa maneno yake. Wengine wanadhani nimekuwa mzee. Niliwahi pia kufika Nainokanoka, nikiwa mtu mzima, kwa shughuli ya kikazi. Nilikaa siku mbili. Niliwatazama miguu wanawake wote wa umri ule waliopita mbele yangu, na sikuuliza jina la mtu yeyote. Ningeuliza jina moja tu, wangenionyesha nyumba.

Nimesema kwamba asubuhi ile nilikuta mlango wazi na ndani hamna kitu. Ni kweli, ila nimeruka jambo. Mama Naserian alikuwa hajafika mbali. Alikuwa kwenye bomba la maji pale njia inapokata kwenda barabara kuu, akisubiri lori la kumpandisha juu. Mvua ilikuwa inanyunya. Naserian alikuwa mgongoni, na ile bandeji mama yake alikuwa ameizungushia mfuko wa nailoni na kuufunga kwa uzi wa shanga. Nilitaka kupita upande wa pili, lakini Naserian akaniita kwa jina, ikabidi nisogee.

"Entito," mama yake akasema, "jana walizungumza maneno mengi sana. Hata siku moja hawakunipa? Nimpeleke hospitali kesho tu, ndipo niende?"

Bado kulikuwa na muda. Lori lilikuwa halijafika, nyumba yetu ilikuwa inaonekana kutoka pale, na baba alikuwa bado hajatoka kwenda kazini.

"Hata moja," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeinama chini na kwao mtoto mwenye adabu ndivyo anavyowaaga wakubwa, akaweka kiganja chake utosini kwangu, akanibariki.